Kabla Jina Halijaandikwa

Novemba ikielekea ukingoni, parokia za Kanisa la Kiepiskopali nchini Marekani huingia katika msimu wa simu. Mkutano mkuu wa mwaka kwa kawaida huwa Januari, na katika parokia nyingi theluthi ya viti vya halmashauri huwa wazi, kwa kuwa mjumbe hutumikia miaka mitatu kisha humpisha mwingine. Kamati ya uteuzi imeshakaa, majina yameshaandikwa, na sasa lazima mtu ainue simu. Maneno yanayosemwa hayabadiliki sana: ni kikao kimoja tu kwa mwezi, kazi si nzito, utasaidiwa. Anayepokea anatafuta udhuru, anaukosa, anakubali. Jina linaingia kwenye karatasi ya kura, na kila mtu anashusha pumzi.

Nimewahi kuipokea simu ya namna hiyo na nimewahi kuwa katika kamati inayoipiga, kwenye parokia moja nje kidogo ya Philadelphia. Miaka hiyo imenipa imani moja ambayo sijaona cha kuitikisa. Halmashauri ya kanisa haitengenezwi siku ya kura. Inatengenezwa siku mtu anapoombwa, kwa namna anavyoombwa, na mengi yanayokuja kuharibika baadaye yalikwisha kuharibika pale.

Kwa msomaji aliyelelewa kwenye Uanglikana wa kwetu, yapo mambo ya kueleza kwanza. Mimi nimekulia Muheza, karibu na Magila, mahali ambapo wamisionari wa UMCA walijenga na ambapo hata leo kasisi huitwa padre. Kwetu askofu ndiye humpangia padre kituo. Barua ikitoka, padre anafunga mizigo, na waumini wanajiandaa kumpokea atakayekuja. Wazee wa kanisa wana heshima kubwa na kazi nyingi, lakini kumtafuta padre si kazi yao.

Marekani ni kinyume. Halmashauri ya parokia, ambayo wenyewe huiita vestri, ndiyo inayomtafuta padre, inayomhoji, inayokubaliana naye mshahara na inayomwita rasmi, askofu akiridhia. Kanuni za Kanisa zinaitaja kuwa mwakilishi wa parokia kisheria katika mambo ya mali na katika uhusiano wa parokia na makasisi wake. Padre kiongozi huongoza vikao, na ibada iko mikononi mwake. Fedha, jengo, mikataba na bima viko mikononi mwa halmashauri. Wapo wardeni wawili, mkuu na mdogo. Katika parokia nyingi wardeni mdogo ndiye anayeamshwa usiku bomba likipasuka kwa baridi, na wardeni mkuu ndiye ambaye padre anamwendea akiwa na jambo zito. Padre akiondoka, ni hao wawili na wenzao wanaoibeba parokia mpaka apatikane mwingine, na hilo linaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Basi kumchagua mjumbe wa halmashauri ni kumchagua mtu ambaye huenda kesho akamchagua padre atakayembariki mtoto wako na atakayemzika mama yako.

Nguvu hii ya walei ina historia ndefu. Katika koloni la Virginia, Kanisa la Uingereza lilikuwa la serikali, na sheria iliipa kila parokia halmashauri ya wanaume kumi na wawili. Walitoza kodi iliyolipwa kwa tumbaku, waliwatunza maskini na yatima, na waliajiri makasisi. Mjumbe akifa au akihama, waliobaki walimchagua wa kujaza nafasi yake, kwa hiyo viti vilizunguka miongoni mwa familia zenye mashamba makubwa, yaliyolimwa na watumwa. George Washington aliingia katika halmashauri ya Parokia ya Truro mwaka 1762. Askofu hakuwapo kabisa. Mwamerika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu, Samuel Seabury, alipata daraja hilo mwaka 1784 huko Aberdeen, Uskoti, vita vya uhuru vikiwa vimekwisha. Waliozoea kuongoza parokia kwa zaidi ya miaka mia bila askofu hawakuwa tayari kunyamaza alipokuja. Kasisi William White wa Philadelphia alikuwa ameshaandika mwaka 1782 akitetea nafasi ya walei katika kulitawala Kanisa, na tangu mkutano mkuu wa kwanza wa Kanisa, mwaka 1785, walei wamekaa humo pamoja na makasisi.

Kwa hiyo urithi ni wa namna mbili. Upo urithi mzuri, kwamba muumini wa kawaida ana sauti na wajibu. Na upo ule wa duara linalojichagua lenyewe. Sheria ya kujaza nafasi miongoni mwao ilikufa zamani, lakini tabia haikufa. Nimekaa kwenye kamati ya uteuzi nikawasikia watu wema, wacha Mungu, wakitaja majina yale yale ya watu wanaokunywa nao kahawa baada ya ibada. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walitaja waliowafahamu, na waliowafahamu walifanana nao.

Philadelphia ni mji mzuri wa kulifikiria jambo hili. Kanisa la Mtakatifu Thomas la Waafrika lilifunguliwa hapa Julai 1794, likiongozwa na Absalom Jones, mtu aliyezaliwa utumwani, ambaye baadaye akawa kasisi wa kwanza Mweusi katika Kanisa la Kiepiskopali. Watu wake walikuwa wametoka katika kanisa la Kimethodisti baada ya kudhalilishwa wakiwa wamepiga magoti katika sala. Walipojiunga na Waepiskopali waliweka katika katiba yao kwamba hakuna atakayechagua wala kuchaguliwa katika uongozi wa parokia ila watu wa asili ya Afrika. Nafasi ya kasisi tu ndiyo iliyoachwa wazi. Dayosisi nayo iliwakatalia kuwa na wawakilishi katika mkutano wake, na ikawaweka nje kwa zaidi ya nusu karne. Niliposoma habari hizi nilielewa kwa nini wale wazee walikishika kipengele kile kwa nguvu. Walijua kwamba asiyekaa mezani mambo yanapoamuliwa ataamuliwa yeye.

Upo mfano mwingine katika mji huu huu, nao naupenda zaidi. Tarehe 29 Julai 1974, katika kanisa la Advocate lililoko kaskazini mwa Philadelphia, wanawake kumi na mmoja waliwekewa mikono kuwa makasisi, miaka miwili kabla mkutano mkuu wa Kanisa haujaruhusu. Aliyebeba msalaba mbele ya maandamano alikuwa wardeni mkuu wa parokia hiyo, mlei, mwanamke Mweusi aliyefanya kazi katika kampuni ya mafuta. Jina lake Barbara Harris. Februari 1989 aliwekwa wakfu Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Ushirika wote wa Kianglikana. Watu humkumbuka kwa uaskofu. Mimi hurudi kwenye uwardeni wake. Ilikuwa zamani za karibu sana: wanawake waliruhusiwa rasmi kukaa kama wajumbe katika mkutano mkuu wa Kanisa mwaka 1970, na dayosisi nyingi zilikuwa zimewazuia wasiingie hata katika halmashauri za parokia zao. Kuna mtu, au kamati fulani, iliyomtazama mama yule ikaona anafaa kuaminiwa parokia.

Aliyekuja kuniomba mimi alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa mji ule. Kabla yake nilikuwa nimepigiwa simu na mwingine, simu ya maneno mepesi, nami nikajibu kwamba nitafikiri. Bibi huyu alikuja nyumbani. Nilimtengenezea chai ya maziwa, akanywa kikombe cha pili, kisha akaanza kunieleza kwa utaratibu. Alisema akiba ya parokia, ile iliyoachwa na waumini waliofariki, inaliwa zaidi kila mwaka kuliko inavyozaa. Paa la ukumbi linavuja, na makadirio ya fundi yamewatisha. Watu wa ibada ya asubuhi mapema na watu wa ibada ya saa nne hawaelewani, na padre ameshachoka kuwa katikati. Halafu akasema, “Ukiingia utayabeba haya usiku kitandani. Nisingependa uyajue baada ya kukubali. Usinijibu leo.”

Sijawahi kuheshimiwa hivyo na kamati yoyote. Alinipa nafasi ya kukataa, na kwa sababu hiyo nilipokubali, kukubali kwangu kulikuwa na uzito.

Katika kundi letu alikuwapo kijana mmoja, mtaalamu wa kompyuta, mkarimu, mwenye mke na watoto wadogo. Yeye aliombwa kwa simu. Aliambiwa kazi ni nyepesi. Kikao chake cha kwanza kilikuwa cha bajeti, na kikao hicho kilikwenda hadi usiku, kikaamua kupunguza saa za katibu wa ofisi, mama ambaye kila mtu alimpenda. Kijana alitoka uso umembadilika. Alihudhuria kwa miezi michache, akajiuzulu kwa barua fupi ya adabu, na baada ya hapo hakuonekana tena hata kwenye ibada. Parokia haikupoteza mjumbe tu. Ilipoteza familia. Na hakuna aliyemwonea. Alidanganywa kidogo tu, kwa upole, na watu waliotaka nafasi ijae kabla ya Januari.

Ndiyo maana nilipoingia katika kamati ya uteuzi nilishikilia jambo moja: hakuna simu. Tunakwenda wawili wawili, nyumbani au mahali mtu anapojisikia huru, na tunabeba bajeti ya mwaka na muhtasari wa vikao vya karibuni. Anayeombwa azisome. Hoja iliyoletwa dhidi yangu ilikuwa kwamba tutawatisha. Wengine kweli walitishika wakakataa, na nadhani ni vizuri walikataa wakiwa bado sebuleni kwao.

Ubishi mkubwa wa kamati, hata hivyo, ulikuwa juu ya nani wa kwenda kumwomba. Kila mwaka husikika sauti inayosema tunahitaji mhasibu, tunahitaji mwanasheria, tunahitaji mtu wa ujenzi. Naielewa. Parokia inaendesha jengo la mawe la zaidi ya miaka mia, inakaguliwa hesabu zake kila mwaka, inachangia dayosisi. Lakini mhasibu anaweza kuajiriwa. Mwanasheria anaweza kuulizwa. Fundi wa paa hana haja ya kuwa mjumbe ili alitazame paa. Mtu ambaye haajiriki ni yule atakayemwambia padre usoni, mbele ya wenzake, kwamba jambo hili si sawa, na Jumapili inayofuata akapiga magoti pembeni ya mtu aliyempinga wakapokea mkate mmoja. Huyo ukimpata, hata kama hajui kusoma mizania, mfundishe. Jioni moja inatosha.

Na husikika sauti nyingine, ya chini zaidi, inayotaja mtoaji mkubwa. Kanuni za Kanisa zinataja muumini mwenye msimamo mwema kuwa ni yule anayeabudu na wenzake kwa uaminifu na aliye mwaminifu katika kufanya kazi, kusali na kutoa. Kutoa kumo, na sina haya kulisema, kwa sababu mtu asiyetoa chochote hawezi kuwaomba wengine watoe. Lakini mahali palipotajwa kutoa hapakutajwa kiasi. Katika kamati yetu tulikubaliana kuuliza swali moja tu: je, umeandika ahadi ya mwaka? Ni ndiyo au hapana. Kiasi anakijua mweka hazina, nasi hatukumuuliza. Nilimwona mjane mmoja akipumua aliposikia hivyo. Alidhani tumekuja kumpima.

Mzee mmoja wa Kikongo alinifundisha mengi kuliko vitabu vyote vya uongozi nilivyopewa. Alitoka upande wa Boga, mashariki ya Kongo, mahali ambapo Apolo Kivebulaya alifika kutoka Uganda mwaka 1896 na kuupanda Uanglikana wa nchi ile. Kwao alikuwa mwalimu wa kanisa, ameendesha kanisa dogo la kijijini kwa miaka mingi, padre akipita mara chache. Vita vikamtoa, akaishi kambini, mwishowe akaletwa Pennsylvania na familia yake. Katika parokia yetu alikaa benchi la nyuma. Alifika mapema kuliko wote, akapanga vitabu vya sala, na ibada ikiisha akavikusanya. Hakuna aliyekuwa amemwomba kitu zaidi ya hapo, na nadhani wengi hawakujua kwamba mtu huyu amewahi kuongoza.

Tulikwenda kwake, mimi na bibi yangu yule mwalimu. Mke wake alitupikia. Nilieleza kwa Kiswahili, nikamfasiria bibi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akauliza.

“Mama, munaniomba kazi ya kuamua, ao munaniomba nikae pale watu wanione?”

Nilimwambia, “Mzee wangu, ni kazi ya kuamua.”

“Sawa. Na mutu akisema hapana, wenzake wote wakisema ndiyo, kesho wanamusalimia?”

Nilimfasiria bibi. Alifikiri sana kabla ya kujibu, na jibu lake lilikuwa la kweli: wengi watamsalimia, wawili huenda wasimsalimie kwa muda. Mzee akacheka akasema hiyo ni kama Boga. Akaomba apewe muda azungumze na mke wake na asali. Jumapili ya pili yake akaja akasema amekubali, kwa sharti moja: karatasi za kikao zimfikie mapema ili mwanawe amsaidie kuzisoma.

Sharti hilo lilibadilisha vikao vyetu kuliko azimio lolote. Kabla ya hapo karatasi zilikuwa zinagawiwa mezani, na waliozoea walikuwa wanazipitisha haraka. Zilipoanza kutumwa wiki moja kabla, ilidhihirika kwamba hata Wamarekani wa kuzaliwa walikuwa hawazisomi. Maswali yakaongezeka. Mweka hazina, ambaye mwanzoni alinung'unika, ndiye aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa utaratibu huo.

Nimeisoma tena na tena ile habari ya Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Kanisa likachagua watu saba. Tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Yaelekea waliokabidhiwa mgawo wote walitoka upande wa waliokuwa wanalalamika. Sijui kama kamati yoyote ya uteuzi niliyowahi kukaa nayo ingethubutu hivyo. Sisi tungewapa kiti kimoja kati ya saba, tukajipongeza.

Kuhusu kura yenyewe nina maoni ambayo wenzangu wengi hawakuyapenda. Wapo wanaoamini kwamba lazima majina yazidi viti, ili uchaguzi uwe uchaguzi. Katika bunge nakubali. Katika parokia ya watu wanaofahamiana kwa majina, niliona mama mmoja akishindwa kwa kura, majina yakasomwa mbele ya wote, makofi yakapigwa, naye akaenda jikoni kuosha vikombe vya watu waliokuwa wamemwacha. Kamati ilimfuata, ikamshawishi, ikamwambia Mungu anamwita, na saa moja baadaye kura ikamwambia haitwi. Anafaa kuelewa nini hapo? Mimi naona kamati ikifanya kazi yake kwa sala na kwa muda, ilete majina yanayotosha viti, na mlango ubaki wazi kwa yeyote kupendekeza jina kutoka mkutanoni kama sheria za parokia zinavyoruhusu. Mlango huo usifungwe kamwe, maana ndio unaoizuia kamati isigeuke duara la Virginia.

Parokia nyingine hapa Marekani hupiga kura ya bahati kama mitume walivyofanya kwa Mathiya. Majina huwekwa kwenye kikapu, na jina likitolewa hakuna aliyeshinda wala aliyekataliwa. Nimelifikiria sana. Linaondoa kampeni na linaondoa aibu, na kwa hilo nalipenda. Lakini mitume hawakutupia kura majina ya kila mtu. Kwanza walisema ni lazima awe miongoni mwa waliofuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, wakabaki na wawili. Kazi ya kuwatafuta wale wawili ilifanywa na watu. Kura haikuwaondolea kazi hiyo.

Muda wangu ulipokwisha niliondoka, na mwaka uliofuata sikukaa katika kamati yoyote. Kanuni ya miaka mitatu ni nzuri kwa anayebaki na nzuri zaidi kwa anayetoka. Mzee wa Boga naye alimaliza wake. Wardeni mkuu alimwomba aingie kamati ya uteuzi, naye akakubali papo hapo, akasema kazi hiyo anaijua. Katika kikao cha kwanza kila mmoja alitakiwa kuleta majina. Yeye alileta matatu, ameyaandika kwa mkono: mfanyakazi wa usafi wa hospitali aliyekuwa anawachukua wazee wawili kwa gari lake kila Jumapili, kijana wa kike wa miaka kumi na saba aliyekuwa msomaji wa masomo ibadani, na yule mama aliyeshindwa kwa kura. Mjumbe mmoja alihoji umri wa binti. Ikafunguliwa kanuni ya Kanisa, ambayo inamhesabu muumini kuwa mtu mzima tangu miaka kumi na sita, kisha sheria za parokia, na hazikumzuia. Wakagawana nyumba za kutembelea. Mzee aliomba ile ya mama, na akaomba apewe wiki mbili, kwa sababu alitaka kumtembelea mara ya kwanza bila kumwomba chochote.